Kwa nini Anglikana haikuwa kanisa la serikali hapa kwetu, wakati Virginia na Barbados ilikuwa?

Mwana Magila
Wakuu, salaam. Nimezaliwa Anglikana, babu yangu alibatizwa Magila, kule Muheza, enzi za UMCA, shirika la umisionari la Anglikana. Miaka yote nilichukulia kwamba kanisa letu lilikuja limeshikana mikono na serikali ya Mwingereza, kwa sababu kule kwao mfalme ndiye mkuu wa kanisa na maaskofu wana viti bungeni.

Sasa nimezama kwenye historia ya makoloni yao ya zamani. Virginia, kule Marekani, kila mlipa kodi alilazimishwa na sheria kuchangia mshahara wa mchungaji wa Anglikana, apende asipende. Jamaika lilikuwa kanisa la serikali hadi 1870. Barbados hadi 1969! Lakini nikija Kenya, Uganda, Zanzibar na Tanganyika sikuti sheria ya namna hiyo hata moja.

Dai langu ni hili: Mwingereza alitoza kodi kwa ajili ya kanisa pale tu ambapo waliokaa kwenye viti walikuwa walowezi wenzake. Mwafrika aliachiwa wamisionari wachangiwe sadaka na vikongwe wa Oxford. Anayepinga aje na hoja.

Jongoo Barabarani
Naweka mkeka hapa. Wajuzi pandeni jukwaani.

Wakili wa Kata
Napinga, Mwana Magila. Sababu ni ya kisheria, na ina jina la mtu: John William Colenso.

Colenso alifanywa askofu wa Natal, Afrika Kusini ya leo, mwaka 1853 kwa hati ya kifalme. Alijifunza Kizulu, akaanza kutafsiri Biblia, na msaidizi wake William Ngidi akamuuliza kama kweli wanyama wote wa dunia waliingia safina. Colenso alikuwa mwanahisabati, hakutaka kumjibu kijana kwa uongo. Akakaa na hesabu za vitabu vya Musa, akachapisha kwamba haziwezi kuwa sawa. Mwaka 1863 askofu mkuu wake, Robert Gray wa Cape Town, akamvua uaskofu. Colenso akakata rufaa hadi kwenye Baraza la Malkia kule London, na mwaka 1865 wakaamua kwamba hati ya kifalme haiwezi kumpa askofu mamlaka ya kisheria katika koloni lenye baraza lake la kutunga sheria. Gray hakuwa na nguvu ya kumfukuza mtu.

Uamuzi ule ulikata mguu wa kanisa la serikali ng'ambo. Kuanzia hapo Anglikana katika makoloni ya aina hiyo ikawa chama cha hiari mbele ya sheria, sawa na Wamethodisti au chama cha ushirika. Miaka miwili baadaye, 1867, maaskofu wa Anglikana wa dunia nzima wakaitana Lambeth, London, kwa mara ya kwanza, na sakata la Natal lilikuwa moja ya sababu kubwa. Sisi tulitawaliwa baada ya mlango huo kufungwa.

Kengeleni
Wakili, umeeleza vizuri lakini kuna tundu. Umesema mwenyewe uamuzi ule ulihusu koloni *lenye baraza la kutunga sheria*. Kenya ilipata baraza hilo 1907. Uganda 1921. Tanganyika 1926. Kabla ya miaka hiyo sheria ipi iliwazuia?

Wakili wa Kata
Swali zuri, ndugu. Kumbuka pia hatukuwa milki kamili ya Malkia wakati huo. Kenya ilikuwa nchi ya hifadhi hadi 1920. Zanzibar ilikuwa na sultani wake. Huwezi kuweka kanisa la Malkia kwenye nchi ambayo kwa karatasi si ya Malkia.

Tazama Charles Mackenzie, askofu wa kwanza wa UMCA. Aliwekwa wakfu Cape Town tarehe 1 Januari 1861 akiwa askofu wa watu wa nje ya himaya. Samuel Ajayi Crowther, askofu wa kwanza Mwafrika wa Anglikana, aliwekwa wakfu Canterbury 1864, na kibali chake kilitaja nchi za Afrika Magharibi zilizo *nje* ya mipaka ya utawala wa Malkia. Yaani walitumwa bila bendera, kisheria.

Mswahili Ughaibuni
Niko Virginia mwaka wa kumi na kitu sasa, ngoja niwaletee ya huku, maana naona mnaitaja juu juu.

Baraza la koloni lilipokutana Jamestown mwaka 1619 liliweka ibada ya Anglikana katika sheria. Kila parokia ilikuwa na baraza la wazee 12, na hao ndio walikuwa serikali ya mtaa: walitoza kodi ya parokia, walilisha maskini, walilea yatima. Mchungaji alipewa nyumba, shamba la kanisa, na mshahara wa ratili 16,000 za tumbaku kwa mwaka. Tumbaku ndiyo ilikuwa fedha yao.

Mwaka 1758 ukame ukapandisha bei. Ratili moja ikafika kama peni 6. Matajiri wa baraza la koloni wakapitisha sheria kwamba madeni ya tumbaku yalipwe kwa peni 2 tu kwa ratili. Wachungaji wakaona wananyang'anywa theluthi mbili ya mshahara mwaka ule ambao wangepumua. Wakapeleka malalamiko London, mfalme akaifuta sheria. Mchungaji mmoja, James Maury, akafungua kesi kaunti ya Hanover kudai kilichobaki. Hakimu akakubali kwamba ana haki. Kilichobaki ni wazee wa mahakama (jury) kutaja kiasi. Wakili wa upande wa pili alikuwa kijana asiyejulikana, Patrick Henry. Akasimama akasema mfalme anayefuta sheria njema ya watu wake amegeuka dhalimu. Wazee wakatoka, wakarudi, wakamtunukia Maury peni MOJA. Hiyo ilikuwa 1763, miaka 13 kabla ya Marekani kujitangazia uhuru.

Kwa hiyo Mwana Magila usilitamani sana kanisa la serikali. Mchungaji wa kanisa la serikali alikuwa mwajiriwa wa matajiri wa kijiji. Mabaraza mengi yalikataa hata kumthibitisha kazini, yalimpa mkataba wa mwaka mmoja mmoja ili asiote meno. Nenda Williamsburg leo uingie kanisa la Bruton: kiti cha gavana kiko mbele kabisa, kina paa lake la kitambaa na mapazia. Ukikaa kwenye mabenchi ya nyuma unaelewa ibada ilipangwa kwa ajili ya nani.

Jongoo Barabarani
Peni moja! Hata parokia yetu kwenye mavuno hatujafika huko 😂

Mwana Magila
Mswahili Ughaibuni, asante mkuu. Lakini sijasema nalitamani. Nauliza kwa nini wao na si sisi. Na hilo la mapazia linathibitisha dai langu.

Mtaa wa Tatu
Mnaiongelea Virginia kama ya peke yake. Makoloni yote 13 ya Marekani yalikuwa chini ya Anglikana kisheria, kwa hiyo ni sera ya Uingereza ya wakati ule, basi.

Kengeleni
Hapana, Mtaa wa Tatu. Massachusetts na Connecticut kanisa la serikali lilikuwa la Wakongregesheni, yaani wale wale waliomkimbia askofu wa Anglikana. Massachusetts waliliacha 1833, Connecticut 1818. Pennsylvania na Rhode Island hazikuwa na kanisa la serikali kabisa. Maryland ilianzishwa na Wakatoliki, Anglikana ikawekwa kisheria baadaye, 1702. Anglikana ilishika zaidi kusini, kwenye tumbaku na mpunga na watumwa. Hata New York ilikuwa kaunti nne tu.

Kwa hiyo London haikuwa na sera moja. Kila koloni liliamua kulingana na waliolianzisha.

Mtaa wa Tatu
Sawa, nimekuelewa. Basi tuseme kanisa la serikali lilifuata mashamba makubwa. Kenya nayo ilikuwa na mashamba makubwa. Swali linarudi pale pale.

Bibi Shamba
Kwa kuwa mmefika kwenye mashamba, msiipite Barbados haraka. Mie ndiko moyo wangu unakoumia.

Christopher Codrington alikufa 1710, akaliachia shirika la umisionari la Anglikana, SPG, mashamba yake mawili ya miwa pamoja na watumwa wake. Shirika likapokea. Askofu Mkuu wa Canterbury alikuwa mwenyekiti wake. Watumwa waliendelea kulima miwa ili faida ijenge chuo, na walichomwa alama kifuani kwa chuma cha moto: neno SOCIETY, jina la shirika. Watu walikuwa wakifa wengi kuliko wanaozaliwa, na kanisa likawa linanunua wengine kujaza nafasi. Kanisa, ndugu zangu.

Ukombozi ulipofika, serikali ya Uingereza ilifidia wenye watumwa. Shirika lililipwa pauni 8,823 kwa watu 411. Wale 411 hawakupata senti. Februari 2006 sinodi kuu ya Kanisa la Uingereza ilipiga kura kuomba radhi, na Codrington ilitajwa kwa jina mle ndani.

Na Virginia yenu hiyo: mwaka 1667 baraza lilitunga sheria kwamba ubatizo haubadilishi hali ya mtumwa. Kwa nini walihitaji sheria? Kwa sababu mabwana waliogopa kwamba Mkristo hawezi kumilikiwa na Mkristo mwenzake. Kanisa la serikali likatunziwa sheria ya kuwatuliza.

Mwana Magila, ukiuliza kwa nini hatukuwekewa kanisa la serikali, mimi nashukuru tu kwamba hatukuwekewa.

Jongoo Barabarani
Bibi, nimesoma hiyo ya alama kifuani mara mbili. Sikuwahi kufundishwa hili popote.

Mtaa wa Tatu
Na askofu wa Exeter, kule Uingereza, alikuwa na watumwa wake binafsi 665 akalipwa fidia. Hilo limesambaa sana.

Wakili wa Kata
Limesambaa likiwa limepinda. Askofu Henry Phillpotts alikuwa mmoja wa wasimamizi wa wosia wa bwana mmoja tajiri, Earl wa Dudley, aliyekuwa na mashamba Jamaika. Jina lake liko kwenye madai ya fidia kama msimamizi, pamoja na wenzake. Unaweza kumlaumu kwa kukubali kazi hiyo, mimi namlaumu, lakini si watumwa wake binafsi. Codrington ndiyo mali halisi ya shirika la kanisa.

Mama Parokia
Hamjambo. Mimi si mwanahistoria lakini nina ushahidi wa nyumbani unaohusu hoja ya Mwana Magila.

Nimekulia Muheza. Kwetu ibada ni ubani, kengele, ishara ya msalaba, padri na mavazi yake ya rangi, na kabla ya Pasaka unakwenda kuungama. Nikaolewa Dodoma, Anglikana vile vile. Jumapili ya kwanza nimekaa karibu na mama mkwe. Hakuna ubani. Mchungaji kavaa nyeupe na skafu nyeusi, basi. Nikafanya ishara ya msalaba, mama mkwe akanigeukia akaninong'oneza: "Mwanangu, kwani wewe ulikuwa Mkatoliki?"

Baadaye nikaelewa. Pwani na kusini, Zanzibar, Muheza, Masasi, ni UMCA, watu wa ubani. Dodoma ni CMS, shirika jingine la umisionari la Anglikana, na tangu 1927 wakaja Waaustralia na Askofu George Chambers, watu wa mahubiri na Biblia. Serikali ingekuwa imetuletea kanisa moja, tungekuwa na ibada moja. Tuliletewa na mashirika, kila moja na rangi yake. Ndiyo maana hadi leo sisi wa nchi moja hatufanani.

Kengeleni
Mama, hii ni hoja kubwa kuliko unavyoifanya. Na mashirika hayo yaligombana hadharani. Juni 1913 pale Kikuyu, karibu na Nairobi, maaskofu wa CMS, Peel wa Mombasa na Willis wa Uganda, walikaa na Wapresbiteri na Wamethodisti kupanga ushirikiano. Mwisho wakashiriki Meza ya Bwana pamoja, ndani ya kanisa la Wapresbiteri. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, alipopata habari akawashtaki kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwamba ni wazushi. Uingereza nzima ikachangamka, magazeti yakajaa Kikuyu. Vita ya 1914 ndiyo iliyowanyamazisha kidogo.

Kanisa la serikali lingekuwa na sheria ya kumaliza ugomvi huo. Hapa hapakuwa na sheria, zilikuwa barua tu.

Mwana Magila
Kengeleni, usimwache Weston hapo kwenye uzushi tu. Ni huyo huyo aliyeandika mwaka 1920 kuishambulia serikali ya Kenya kwa kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Askofu wa kanisa la serikali, mwenye kiti karibu na gavana, angeandika vile?

Kengeleni
Naam. Lakini siku zile zile askofu Willis na mwenzake Heywood wa Mombasa walitoa waraka wao na Dkt. Arthur wa Wapresbiteri, wakakubali kazi ya lazima mradi isimamiwe na serikali. Hao hawakuwa kanisa la serikali pia. Kwa hiyo uhuru wa kisheria hauleti ujasiri peke yake.

Kijana wa Upanga
Mbona wote mnasahau Mjerumani? Simama bandarini Dar es Salaam uangalie ufukweni: Azania Front ya Waluteri, Mtakatifu Yosefu ya Wakatoliki. Zote za wakati wa Mjerumani. Mwingereza alipoingia alikuta viti vya mbele vimeshakaliwa. Angeweka kanisa la serikali lipi, wakati Waluteri na Wakatoliki walishajaa nchi?

Halafu Tanganyika alipewa kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na masharti ya udhamini yalimtaka alinde uhuru wa dini. Hakuwa na nafasi hata angetaka.

Wakili wa Kata
Naunga mkono, na naongeza kwamba hilo lilianza kabla. Mkataba wa Berlin wa 1885, kifungu cha 6, uliahidi uhuru wa dhamiri na wa ibada kwa wenyeji na wageni, na eneo lake lilivutwa hadi Bahari ya Hindi. Afrika Mashariki ilikuwa ndani.

Mtaa wa Tatu
Mkataba huo huo uliahidi pia ustawi wa wenyeji. Tuliona ustawi wenyewe. Karatasi za Berlin haziwezi kuwa sababu ya jambo lolote.

Mwenyeji wa Mkunazini
Assalaam aleikum na habari zenu. Mimi ni Mwislamu, jirani wa Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, Zanzibar, toka utotoni, niruhusuni neno.

Huku kwetu jibu ni jepesi: sultani. Kuna dola ya Kiislamu, kuna makadhi, kuna wakfu. Mwingereza alipoweka hifadhi 1890 alikuta kila kitu kimesimama, na utawala wake ulikuwa wa bei nafuu kwa sababu ulipitia kwa sultani. Kumwekea sultani kanisa la serikali kungeuvunja mpango wote. Hata ukanda wa pwani ya Kenya ulikuwa wa sultani kwa kukodishwa, na makadhi wakabaki.

Kanisa lenyewe lilijengwa kwa nguvu za Askofu Edward Steere, jiwe la msingi Krismasi ya 1873, miezi michache tu baada ya Sultani Barghash kutia saini kufunga soko la watumwa. Limekaa pale pale sokoni, na wanasema altare iko mahali pa nguzo waliyofungwa watumwa kuchapwa. Steere amezikwa nyuma ya altare hiyo. Na ule msalaba wa mbao ndani, umetokana na mti wa Chitambo, ulipozikwa moyo wa Livingstone. Wazee wetu walisema Steere alikuwa na adabu na alikijua Kiswahili kuliko baadhi yetu. Alikuja kama mgeni wa sultani, hakuja kama serikali.

Mama Parokia
Jirani mwema, ahsante sana kwa maneno hayo. Tukija kuhiji Mkunazini tutakutafuta kwa kahawa.

Mwenyeji wa Mkunazini
Karibuni. Kahawa ipo, na kashata.

Mlima Mengo
Nimesoma yote kimya, sasa inatosha. Mnasema Afrika Mashariki haikuwa na kanisa la serikali. Uganda mmeiweka wapi?

Januari 1892 Baganda Waprotestanti na Baganda Wakatoliki walipigana pale Mengo. Pande mbili ziliitwa Waingereza na Wafaransa, na wote walikuwa Baganda. Kapteni Lugard aliwapa Waprotestanti bunduki na akaingia na mzinga wake wa Maxim, wakashinda. Kabla ya hapo, 1891, kampuni ya Waingereza ilipotaka kuondoka Uganda kwa kukosa fedha, marafiki wa CMS kule Uingereza ndio waliochanga ili ibaki. Kanisa lililipia dola, si dola kulilipia kanisa!

Kisha mkataba wa Buganda wa 1900. Kabaka, yaani mfalme, akawa Mwanglikana. Katikiro, waziri wake mkuu, Apolo Kagwa, Mwanglikana. Vyeo na saza (wilaya za Buganda) zikagawanywa kwa dini, Wakatoliki chini ya stahili yao, Waislamu wakaachiwa makombo. Mashirika ya umisionari yakapata maili za mraba 92 za ardhi. Kabaka alitawazwa kwa baraka za askofu wa Namirembe, kanisa kuu la Anglikana. Ikiwa hilo si kanisa la serikali, niambieni linakosa nini.

Wakili wa Kata
Linakosa sheria, mkuu. Hakuna kodi ya kanisa, hakuna mahakama ya kanisa, askofu hakuteuliwa na gavana. Na maili 92 ziligawanywa kwa mashirika matatu, mawili kati yake ya Kikatoliki.

Mlima Mengo
Unasoma karatasi, mimi nimekulia chini yake. Baba yangu alikuwa Mkatoliki, mwalimu mzuri, na alijua cheo ambacho hatakifikia kamwe kwa sababu cheo kile kilikuwa cha "upande wa Namirembe". Hakuhitaji kuonyeshwa sheria.

Kasisi Mstaafu
Amani kwenu. Nimefundisha historia ya kanisa kwa muda mrefu na ningependa kugusa sababu ambayo bado haijatajwa: viongozi wa umisionari wenyewe hawakutaka.

Henry Venn, katibu wa CMS hadi alipokaribia kufa 1873, alifundisha kwamba kanisa la Afrika lijitegemee kwa fedha, lijitawale na lijieneze lenyewe. Alitaka mmisionari aondoke akaanze kwingine. Mpango kama huo hauendani na mshahara wa gavana. Katika Uganda ya ndugu yangu Mlima Mengo, Askofu Alfred Tucker alipigania katiba ambayo ingewaweka wamisionari Wazungu na wachungaji Waafrika katika sinodi moja. Wamisionari walikataa kuwa chini ya sinodi yenye Waafrika wengi. Ilipitishwa 1909, ikiwa imekatwa makali.

Tena tukumbuke kwamba hata lilipokuwa kanisa la serikali, London ililitelekeza. Virginia ilikuwa na Anglikana ya sheria kwa zaidi ya miaka 150 na haikupewa askofu hata mmoja. Kijana aliyetaka upadri ilibidi avuke Atlantiki akawekewe mikono London, na wapo waliokufa njiani au kwa ndui. Baada ya vita ya uhuru Samuel Seabury alikwenda kuomba uaskofu, Uingereza wakashindwa kwa sababu hawezi tena kula kiapo kwa mfalme. Akapanda hadi Aberdeen, maaskofu wa Uskoti wakamweka wakfu Novemba 1784. Askofu wa kwanza wa koloni akaja 1787, Nova Scotia. Calcutta, India, 1814. Na je, mnajua kwamba kwa miaka kadhaa, hadi 1836, Australia yote ilikuwa chini ya askofu wa Calcutta?

Jongoo Barabarani
Australia chini ya Calcutta! Huyo askofu alikuwa anafanya ziara ya kichungaji kwa jahazi?

Mwana Magila
Kasisi, shikamoo, na ahsante. Ila mwalimu wangu, Venn alikufa kabla ya mkoloni kutufikia. Waliokuja baada yake walimsahau haraka. Crowther aliyekuwa fahari ya Venn alidhalilishwa na vijana wa CMS kule mto Niger, akafa 1891, na nafasi yake akapewa Mzungu. Nadharia ya Venn haielezi vitendo vyao.

Kasisi Mstaafu
Marahaba. Haielezi vyote, ni kweli.

Mtaa wa Tatu
Mimi naona fedha. Serikali ya koloni ilipata kanisa bila kulilipia. Kuanzia miaka ya 1920 ikatoa ruzuku kwa shule za misheni, na shule zikaleta waumini. Kodi ya kichwa ya babu yangu, ambaye hakuwa Mkristo, ilisaidia kulipa walimu waliomfundisha mwanawe katekisimu. Mchungaji Leonard Beecher alikaa kwenye baraza la kutunga sheria la Kenya kuwakilisha Waafrika, akaandika ripoti ya elimu yao 1949, na 1960 ndiye akawa askofu mkuu wa kwanza wa Afrika Mashariki. Hiyo ni Virginia iliyopakwa rangi.

Wakili wa Kata
Ruzuku zile zilipewa Wakatoliki, Wapresbiteri na Waluteri pia. Kanisa la serikali ni moja.

Mtaa wa Tatu
Na Waislamu walipata kiasi gani? Hapo utaona serikali ilikuwa na dini.

Mwenyeji wa Mkunazini
Hilo la mwisho uandikiwe uzi wake, tutakuja wengi.

Mswahili Ughaibuni
Nirudi kwenye ardhi kidogo, maana Mlima Mengo na Wakili wameiacha njiani. Virginia ilipotunga sheria ya uhuru wa dini 1786, mashamba ya kanisa yalibaki mikononi mwa Anglikana. Wabatisti, ambao wahubiri wao walikuwa wakifungwa jela kwa kuhubiri bila leseni, wakasema: mashamba haya yalinunuliwa kwa kodi zetu. Wakakomaa nalo hadi 1802, serikali ya jimbo ikatoa sheria: mashamba ya kanisa yasiyo na mchungaji yauzwe, fedha ziende kwa maskini wa parokia. Kanisa likaanguka vibaya, miaka ikapita bila kuinuka.

Kwa hiyo naomba Wakili ajibu. Zile maili 92 za Uganda zilitolewa na mkataba wa serikali. Kwa mantiki ya Wabatisti wa Virginia, serikali iliyotoa ikishaondoka, ardhi ni ya nani?

Wakili wa Kata
Mkataba ulisema ni mali binafsi ya mashirika, kwa amana ya makanisa ya wenyeji. Kwa sheria ni ya makanisa hayo. Haikununuliwa kwa kodi ya mtu.

Mlima Mengo
Haikununuliwa kabisa. Kabaka Daudi Chwa alikuwa na miaka mitatu mkataba uliposainiwa, waliotia saini kwa niaba yake walikuwa machifu ambao wenyewe walipata maili zao siku ile ile. Ukitaka kujua ardhi ni ya nani, Wakili, anza na wakulima waliokuwa wakiishi juu yake Machi 1900, ambao asubuhi moja waliambiwa wana mwenye shamba.